Walikale na Masisi: Ombi lililokataliwa na sababu isiyosomwa

Siku M23 walipoingia Walikale mjini, tarehe 19 mwezi wa tatu 2025, kila jamaa ilibeba kilichokuwa karibu. Mmoja alibeba godoro, mwingine sufuria, mwingine mtoto wa jirani aliyemkuta akilia barabarani. Mzee mmoja, katibu wa zamani wa kooperative ndogo ya wachimbaji, alibeba mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Mke wake alikuwa amemwambia achukue bidoni ya mawese. Mzee alisahau mawese. Usiku ule msituni watoto walikula muhogo mkavu, na mama hakumsemesha mume wake mpaka kulipopambazuka.

Ndani ya mfuko mlikuwa na dosye ya ombi la kibali, orodha ya wanachama 37 waliochanga dola 20 kila mmoja, resepise za kupokelewa kwa ombi, na barua ya ukurasa mmoja ya kulikataa. Dosye hiyo ina zaidi ya miaka kumi. Kooperative ilikwisha kufa zamani. Lakini mzee hakuweza kuiacha, kwa sababu tangu siku ya barua ile kuna watu wa mtaa wake wanaoamini kwamba alikula pesa yao, na wengine wanaoamini kwamba aliuza ombi lao kwa tajiri. Karatasi hizo ndizo shahidi wake pekee. Zikipotea, amebaki na mdomo mtupu.

Habari yake ni ya mtu mmoja, lakini inafanana na habari ya vijiji vingi vya Walikale na Masisi. Katika teritware hizi mbili watu wamegombana miaka mingi juu ya maombi ya serikali: nani alipewa kilima, nani alinyimwa, na kwa sababu gani. Mara nyingi sababu ilikuwepo kwenye karatasi. Ila haikusomwa mbele ya waliohusika, tena kwa lugha wanayoielewa.

Yote yanaanzia kwenye neno moja: utafiti. Sheria ya madini ya Kongo, iliyotolewa mwezi wa saba 2002 na kurekebishwa mwezi wa tatu 2018, inasema kwamba mali iliyo chini ya ardhi ni ya Serikali. Mwenye shamba ana muhogo wake na migomba yake, lakini kasiterite iliyo chini ya muhogo si yake. Mtu au kampuni ikitaka kuitafuta, inapeleka ombi la kibali cha utafiti kwenye Kadastre ya Madini, ile inayojulikana kama CAMI. Nchi nzima imegawanywa kwenye ramani kuwa miraba, kila mmoja karibu hekta 85. Muombaji anataja miraba anayoitaka, anaonyesha uwezo wake wa pesa, na anapewa saa na tarehe ya kupokelewa. Wawili wakiomba mraba mmoja, wa kwanza kufika ndiye anaangaliwa kwanza.

Wengi waliposikia neno utafiti walidhani ni wazungu wa kuja kuangalia mawe na kurudi kwao. Sivyo. Kibali cha utafiti ni cha mtu mmoja tu kwenye mraba ule, na mwenye nacho ndiye mwenye haki ya kuomba kibali cha kuchimba baadaye. Tena sheria inasema kwamba mahali penye kibali halali hapawezi kugeuzwa kuwa eneo la wachimbaji wadogo. Kwa hiyo anayepewa utafiti amepewa ufunguo wa nyumba, hata kama bado hajaingia ndani. Aliyebaki nje anaweza kupiga hodi miaka kumi.

Mzee hakuyajua haya alipokuwa akikusanya dola 20 za watu. Yeye na wenzake walijua kilima, walijua kijito, walijua pale udongo unapokuwa mzito mkononi. Waliandika kanuni za kooperative, wakaenda kwa mthibitishaji, wakalipa nakala, wakalipa mihuri, wakalipa safari ya mtu mmoja mpaka Goma mara mbili. Dola 740 ziliisha. Baada ya miezi saba barua ikafika. Ilikuwa ya Kifaransa, yenye mistari sita na namba za vifungu vya sheria. Mzee aliwaita wanachama chini ya mwembe, akaisoma kama ilivyo, kwa Kifaransa, akasema, "Wamekataa." Watu wakauliza kwa nini. Akajibu kwamba kuna mwenye kibali tayari. "Nani?" Barua haikutaja jina ambalo yeyote pale alilijua. "Tangu lini?" Mzee hakujua. Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuagana vizuri, na uvumi ukaanza jioni ile ile.

Anayeijua Bisie hatashangaa. Bisie iko katika grupema ya Wassa, msituni upande wa kaskazini magharibi ya Walikale mjini. Kasiterite ilianza kuchimbwa huko karibu mwaka wa 2002. Kwa miaka mingi hapakuwa na barabara ya gari. Watu walitembea kutoka Njingala zaidi ya kilometa 40 kwa miguu, na wabebaji walirudi na mizigo kichwani na mgongoni. Ndege ndogo zilitua kwenye lami ya Kilambo kuchukua mawe na kuyapeleka Goma. Maelfu ya watu waliishi Manoire, kijiji cha turubai na mbao juu ya mlima, ambako bei ya kila kitu ilikuwa mara mbili au tatu ya bei ya Walikale.

Kampuni mbili ziligombea mlima huo. Moja ilikuwa GMB, Groupe Minier Bangandula, iliyoegemea mapatano na wenye ardhi wa kimila. Nyingine ilikuwa MPC, Mining and Processing Congo, iliyokuwa na kibali cha utafiti kutoka Kinshasa tangu 2006. Upande mmoja ulisema: sisi tumekubaliwa na wenye msitu. Upande mwingine ulisema: sisi tuna karatasi ya Serikali. Kila mmoja alikuwa na watu wake kijijini, na jamaa za ukoo mmoja zikaacha kula pamoja. Wakati wao wakigombania karatasi, mlima wenyewe ulikuwa mikononi mwa wanajeshi wa brigade ya 85, waliotoka kwenye kundi la Mai-Mai, ambao walitoza kila aliyepanda na kila aliyeshuka mpaka 2009. Walipoondolewa, wakaja askari wengine waliotoka CNDP. Kisha kutoka mwezi wa tisa 2010 mpaka mwezi wa tatu 2011 Rais Kabila akafunga uchimbaji wote katika Kivu mbili na Maniema, na watu wengi wa Njingala wakakosa hata pesa ya chumvi.

Mwishowe karatasi ya Kinshasa ndiyo ilishinda. MPC iliingia mikononi mwa Alphamin Resources, kampuni ambayo hisa zake zinauzwa kwenye soko la hisa la Kanada. Mwaka wa 2015 kibali cha utafiti kikazaa kibali cha kuchimba, na 2019 kiwanda kikaanza kutoa bati. Mwaka wa 2024 mgodi huo ulitoa tani 17,324 za bati, karibu asilimia 6 ya bati yote inayochimbwa duniani. Serikali ya Kongo ina hisa asilimia 5. Barabara imefika, vijana kadhaa wamepata kazi, na kuna shule na miradi ya maji iliyojengwa kupitia mfuko wa Lowa Alliance. Lakini waliokuwa wachimbaji wadogo walitakiwa kuondoka mlimani, na hata leo ukipita Njingala utakutana na watu wa makamo wanaosema, "Sisi tuliomba, tukanyimwa." Ukiwauliza walinyimwa kwa sababu gani, kila mtu ana sababu yake.

Upande wa Masisi, kule Rubaya, mgogoro ulichukua sura nyingine. Vilima vya Bibatama, Luwowo na jirani zake vilikuwa ndani ya kibali cha kuchimba namba 4731 cha kampuni iliyoitwa kwanza MHI, baadaye Société Minière de Bisunzu, yaani SMB. Waliokuwa wakichimba kwa jembe na sururu walikuwa wamejiunga katika kooperative ya COOPERAMMA. Mwaka wa 2013 pande hizo mbili zilitia sahihi mapatano: wachimbaji waendelee kuchimba, lakini koltani yote wauzie kampuni. Mapatano yalizuia vita kwa muda, hayakuzuia lawama. Wachimbaji walilalamika kwamba wanacheleweshewa malipo. Kampuni ililalamika kwamba koltani yake inatoroshwa usiku na kuandikwa kama imetoka kwenye kibali cha jirani, kile cha SAKIMA, kampuni ya Serikali. Mpaka wa vibali hivyo viwili uko kwenye ramani. Kilimani ni kijito na mstari wa mikaratusi.

Tarehe 30 mwezi wa nne 2024, M23 walichukua Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika baadaye kwamba kundi hilo linapata karibu dola 800,000 kila mwezi kwa kutoza koltani ya huko. Kwa hiyo kampuni, kooperative na SAKIMA zilibaki kwenye karatasi, na aliyetoa ruhusa ya kushuka shimoni hakuwa yeyote kati yao.

Jamaa nyingi za Masisi zilikimbia kupitia njia za Nyabiondo na Kashebere mpaka kuingia Walikale. Ndivyo kijana mmoja wa Rubaya, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shimo tangu ana miaka 16, alivyofika kuishi katika kiwanja cha yule mzee. M23 walipoondoka Walikale mjini mwanzoni mwa mwezi wa nne 2025, jamaa zote mbili zilirudi kutoka msituni siku moja. Nyumba ilikuwa imevunjwa mlango, bidoni ya mawese haipo. Mfuko wa karatasi ulikuwa umelowa pembeni. Mzee akatoa karatasi moja moja na kuzianika juu ya kitanda cha miti, akiweka jiwe dogo juu ya kila moja.

Kijana akaja kuangalia. Alikuwa amefika darasa la nne la sekondari kabla ya vita, na Kifaransa hakikumshinda.

"Papa, hii ni barua ya nini?"

"Ni ile waliyotukatalia. Isome kama unaweza."

Kijana akasoma polepole, kisha akarudia kwa Kiswahili. Barua ilisema kwamba miraba iliyoombwa iko ndani ya kibali cha utafiti kinachoendelea, kwamba sheria hairuhusu kuweka eneo la wachimbaji wadogo juu ya kibali kama hicho, na kwamba muombaji ana haki ya kupeleka malalamiko kwa njia zilizowekwa na sheria.

Mzee akamwambia arudie mwisho.

"Inasema mlikuwa na haki ya kulalamika, Papa. Kwa wakubwa wa ofisi, au mahakamani."

"Miaka yote hii imeandikwa humo?"

"Imeandikwa."

Mama mmoja muuza makayabu, aliyekuwa mwanachama namba 14 kwenye orodha, alikuwa amekuja kumpa pole mke wa mzee kwa ajili ya mlango. Alisikia yote akiwa amesimama na sinia yake kichwani. Miaka yote alikuwa akimwamkia mzee kwa heshima na kupita. Sasa akatua sinia chini, akauliza, "Kwa hiyo hukuuza ombi letu?"

"Sikuuza, mama. Angalia tarehe. Wao walipewa kabla yetu."

"Kama ungetuambia hivi siku ile ya mwembe."

"Siku ile mimi mwenyewe sikuelewa," mzee akasema. "Niliona aibu kusema sielewi. Katibu asiyeelewa barua, mngenichekelea."

Mama hakucheka. Alisema kwamba dola 20 zile alikuwa amezikopa kwa shemeji yake, na shemeji alimdai mpaka akauza mbuzi. Haikusaidia sana kujua leo kwamba pesa ilikwenda kwenye mihuri na nauli. Mbuzi harudi. Lakini alitaka kuonyeshwa resepise moja moja, na mzee akamwonyesha, mpaka hesabu ikafika 740.

Kijana alikuwa bado ameishika barua. Swali lake lilikuwa jingine. "Papa, wanasema wa kwanza kufika. Baba yangu alichimba Bibatama kabla ya kampuni, kabla ya kooperative. Yeye alikuwa wa kwanza wapi?"

"Kilimani alikuwa wa kwanza. Dirishani kwa ofisi hakufika."

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili, na kusoma barua kwa Kiswahili hakuuondoi wote. Sheria inapima nani alifika kwanza kwenye ofisi, wala haiulizi nani alifika kwanza kwenye kijito. Mtu wa mjini mwenye ramani na mwanasheria anafika ofisini asubuhi. Mtu wa Wassa au wa Bibatama anahitaji kuuza mbuzi, kutafuta gari, kupita vizuizi vya barabara, na kulala kwa ndugu anayemchoka. Akifika, mraba umekwisha kuandikwa. Kwa hiyo asiambiwe kwamba alinyimwa kwa sababu ya uvivu au ujinga. Alinyimwa kwa utaratibu ambao ulianza mbali na kwake. Akilijua hilo, hasira yake itakwenda kwa utaratibu ule na kwa wale wanaoweza kuubadilisha. Asipolijua, itakwenda kwa jirani wa ukoo mwingine, au kwa katibu. Wenye bunduki wa Walikale na Masisi wamekula sana kwenye hasira ya namna hiyo. Kila kijana aliyeamini kwamba kilima chake kiliibwa na jirani alikuwa tayari kumfuata yeyote aliyemwahidi kukirudisha.

Sheria yenyewe haikuacha watu mikono mitupu. Kukataliwa kwa ombi la kibali kunapaswa kuwa kwa maandishi na kutaja sababu, na aliyekataliwa ana njia ya kulalamika. Kibali cha utafiti nacho si cha milele. Sheria ya 2018 inakipa miaka mitano, na kinaweza kuongezwa mara moja tu. Muda ukiisha, au mwenye kibali akiachia sehemu, miraba inarudi kuwa wazi, na anayefuatilia ramani ndiye atakayejua. Tena mahali ambapo kampuni tayari inachimba, jamaa za hapo zina haki hata kama ombi lao lilikataliwa: asilimia 15 ya redevance inakwenda kwa sekta au sheferi ya mahali, na kampuni inapaswa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Kuuliza pesa hiyo imefanya nini si uchokozi. Kunahitaji tu mtu wa kusoma hesabu mbele ya watu, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kijiji.

Kwa jamaa zilizokimbia, jambo hili ni la haraka kuliko linavyoonekana. Vita vikiisha, Rubaya itarudi kwenye karatasi. Kampuni zitakuja na vibali vyao, Serikali na ramani yake, wakubwa na ahadi zao. Mchimbaji aliyekimbia na nguo ya mwilini ataulizwa: kadi yako iko wapi, jina lako liko kwenye orodha gani, nani anakujua? Asiye na jibu atahesabiwa mgeni kwenye kilima alichozaliwa chini yake. Kadi ya mchimbaji, resepise ya mchango, kipande cha daftari chenye sahihi ya mkubwa wa shimo, yote hayo ni madogo leo. Siku ile yatakuwa na uzito.

Wiki iliyofuata mzee alinunua daftari. Aliandika upya majina yote 37, na mbele ya kila jina akaweka neno: yupo, Kisangani, Lubutu, amefariki, haijulikani. Wanaoishi mjini walikuwa 11. Aliwazungukia mmoja mmoja, kijana akiwa pembeni kusoma barua ile kwa Kiswahili. Nyumba mbili walimpokea vibaya. Mtu mmoja alisema Kiswahili cha leo hakilipi deni la jana, na mzee akajibu, "Ni kweli, ndugu yangu," akaacha nakala ya hesabu juu ya kiti na kuondoka. Nyumba nyingine walimwekea chakula.

Kijana alipiga picha kila karatasi kwa simu na kuzituma kwa ndugu zake watatu walio miji mitatu tofauti, ili moto au maji yasizimalize zote kwa mara moja. Naye akaanza daftari lake: majina ya wenzake wa shimo la Bibatama, kila mmoja na mahali alipokimbilia.

Jioni mke wa mzee alirudi sokoni na bidoni mpya ya mawese. Akaiweka karibu na mlango, pale pale palipokuwa na ile ya kwanza, akauliza, "Tukikimbia tena, papa wa watoto, utabeba nini?"

"Mawese," mzee akasema. "Karatasi ziko kwa simu."

Mama akaisogeza bidoni karibu zaidi na kiti chake.